Mkono wa Kushoto wa Darasa la Nne

Siku Zuhra alipoingia Darasa la Nne kwa mara ya kwanza, aliuliza swali jepesi tu la kuchangamsha darasa, na mikono yote ikaenda juu. Yote kabisa. Watoto zaidi ya mia, waliobanana wanne wanne kwenye madawati na wengine wamekaa sakafuni, na hakuna mkono uliobaki mapajani. Zuhra aligeukia ubao akajifanya anafuta kitu, maana machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Ungekuwa wewe ungelia pia. Mwaka uliotangulia chuo kilimpeleka Chato kwenye mazoezi ya kufundisha, akakutana na darasa bubu. Mkufunzi aliyekuja kumkagua alikaa nyuma kipindi kizima asione mkono hata mmoja ukinyooka, akaandika kwamba mwanachuo huyu hawezi kuwashirikisha wanafunzi. Akafeli. Sasa alikuwa anarudia, na kurudia kunaruhusiwa mara moja tu. Akishindwa tena, ualimu ndiyo basi, arudi Shinyanga mjini akae dukani kwa mama yake apime vitenge, na kila mteja amuulize shule imeishia wapi. Kwa hiyo mikono ile aliiona kama rehema iliyoshushwa kwa ajili yake.

Shule yenyewe ilikuwa kijijini, mwendo mfupi kwa pikipiki kutoka Segese, upande wa machimbo madogo madogo. Chuo kilikuwa kimemweleza vizuri mambo yatakavyokuwa. Atapewa mwalimu mlezi. Mwalimu mlezi atakaa nyuma ya darasa, atamtazama akifundisha, atamrekebisha, na mwisho atampa alama zitakazojumlishwa na za mkufunzi. Mwanachuo hataachiwa darasa peke yake. Haya yote yalisemwa kwenye ukumbi wenye feni, na watu waliovaa tai.

Mwalimu mlezi wake aliitwa Donatus. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye tumbo la amani, na alimpokea Zuhra kwa mikono miwili kama mtu aliyeletewa mvua. Akamkabidhi boksi la chaki. Akamkabidhi hisabati ya Darasa la Nne, na sayansi, na Kiswahili. Akamkabidhi na zamu yake ya wiki ile. Kisha akawasha pikipiki.

"Mwalimu Donatus, na wewe utakuwa wapi?" Zuhra akamuuliza.

"Mimi nipo," akajibu. "Nipo nipo hapa hapa."

Hapo "hapa hapa" palikuwa kwenye karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu, ng'ambo ya bonde. Asubuhi upepo ukivuma kutoka huko, Zuhra alimsikia mwalimu wake mlezi akinguruma hadi darasani.

Alivumilia wiki nzima, kisha akaenda kwa Mwalimu Mkuu, Mzee Mabula.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, binti yangu. Darasa linaendaje?"

"Linaenda, lakini naendesha peke yangu. Mwalimu Donatus hajakaa darasani hata kipindi kimoja. Chuo kilisema..."

"Ah, chuo!" Mabula akacheka, akavua miwani. "Sisi tuna upungufu wa walimu, mwanangu. Mkija nyie ndiyo tunapumua kidogo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Mimi nilipewa jembe siku ya kwanza, Mwalimu."

"Basi wewe si mgeni tena! Furahi."

Zuhra akatoka ofisini akiwa amekabidhiwa pia usimamizi wa usafi wa vyoo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na walimu wa shule ile waliubeba mzigo wake kwa wepesi wa ajabu, huku wakinywa chai.

Lakini alijiambia, mikono si ipo? Mkufunzi akija ataona mikono.

Sasa sikia kosa alilofanya. Zuhra alilelewa na bibi yake, mwanamke wa pwani aliyefuata biashara za mumewe hadi Shinyanga, na bibi huyo alikuwa na sheria moja iliyozidi zote: mkono wa kushoto haupokei wala hautoi mbele ya watu. Ukimpa chumvi kwa kushoto, anakuacha na chumvi yako. Zuhra alipowazoea watoto akagundua kwamba wengi wao, zaidi ya nusu kwa mbali, walikuwa wananyoosha mkono wa kushoto. Ikamkera. Akaona hawa hawajafunzwa, na kumbe kufunza adabu nako ni kazi ya mwalimu.

"Mkono wa kushoto una kazi zake, na si za darasani," akawaambia. "Kuanzia leo, kila anayenyoosha anyooshe wa kulia. Tumeelewana?"

Watoto wakaangaliana. Walisema ndiyo, mwalimu, kwa sauti ya watu walioambiwa wavuke mto bila daraja.

Wakatii. Mikono yote ya kulia. Na tangu siku ile darasa likaharibika.

Anamchagua huyu, anasimama, kimya. Anamchagua yule, anasimama, anatazama vidole vya miguu. Mikono iko mia hewani na majibu hakuna. Hata zamani walikuwa wanakosea, lakini kwa mazoea ya kwa bibi yake aliiruka ya kushoto; sasa alikuwa akichagua mkono wowote kwa kuamini, na karibu kila mkono aliouchagua ulikuwa mtupu.

"Umenyoosha wa nini kama hujui?" aliuliza, mara ya kwanza kwa upole. Mara ya kumi upole ulikuwa umekwisha. Alianza kuamini kwamba wanamdhihaki. Wameona ni mwanachuo, ni binti wa mjini mwenye ushungi na sauti ndogo, hana fimbo, basi wamepata mchezo. Akaanza kuwapigisha magoti mbele ya ubao. Na aliyepiga magoti kuliko wote alikuwa msichana mmoja mrefu wa dawati la dirishani, Paskalina, ambaye mkono wake ulikuwa wa kwanza kwenda juu na jibu lake halikuwahi kuja. Siku moja Zuhra, akiwa amefundisha vipindi sita mfululizo na koo limekauka, alimtoa nje apige magoti juani mpaka kengele.

Kesho yake Paskalina hakuja. Wala siku iliyofuata.

Zuhra akampigia simu mwalimu mlezi. Karasha lilikuwa linanguruma nyuma ya sauti yake.

"Huyo atarudi," Donatus akapaza sauti. "Hawa wanaendaga machimboni, wanarudiga. Usiumize kichwa!"

Zuhra akakata simu. Kichwa kilikuwa kimeshaumia. Mwalimu wa kufuatilia watoro alikuwepo kwenye orodha ya shule, na hakuwa yeye. Jioni ile, baada ya vipindi, akavaa kandambili akaenda mwenyewe.

Aliwakuta mama na mtoto pembezoni mwa machimbo, wamekaa chini ya turubai, wanaponda mawe kwa nyundo. Vumbi jeupe lilikuwa limewapaka hadi kwenye kope. Mama alisimama haraka alipoona mwalimu, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, Mama Paskalina."

"Marahaba, mwalimu wangu. Karibu. Kiti ndiyo hatuna." Akamtupia mwanawe jicho. "Huyu amekataa shule. Nimesema weee, amekataa. Anasema bora mawe."

Zuhra akachuchumaa mbele ya msichana. Alikuwa amekuja na hotuba nzima kichwani, juu ya elimu na maisha, ikayeyuka.

"Paskalina. Kwa nini unanyoosha mkono wakati hujui?"

Paskalina akaizungusha nyundo mkononi. Alijibu taratibu, kama anayemwelekeza mtu njia ambayo kila mtu anaijua.

"Ulitukataza wa kushoto, mwalimu."

"Wa kushoto umeingiaje hapo?"

"Wa kulia ni wa wanaojua. Wa kushoto ni wa sisi tusiojua. Akija mgeni tunanyoosha wote, Mwalimu Donatus anachagua wa kulia, mgeni anafurahi, anaondoka. Ndivyo tulivyofundishwa tangu Darasa la Tatu. Wewe ukasema wote wa kulia. Sasa mimi nifanyeje? Ukiacha mkono chini na mgeni yupo, utachapwa akishaondoka."

Zuhra akasogea karibu. "Lakini hakukuwa na mgeni mle ndani, Paskalina. Mgeni yupi?"

Msichana akamwangalia kwa mshangao wa kweli.

"Si wewe?"

Nyundo ya mama ilikuwa imesimama. Zuhra alibaki amechuchumaa. Wiki zote zile za vumbi la chaki, zamu na vyoo, na watoto walikuwa bado wanamsubiri aridhike aondoke. Nani angewaambia vingine? Mtu wa kumtambulisha kwamba huyu ni mwalimu wenu alikuwa karashani. Alijionea aibu kwa lile jua alilomkalisha mtoto, na chini ya aibu ilikuwepo hasira kwa mtu mzima aliyemwachia darasa lenye kufuli asimwachie na ufunguo.

"Nisamehe," akamwambia Paskalina, mbele ya mama yake. "Nilikuonea. Kesho njoo. Kwangu mimi asiyejua ataacha mkono chini, wala hatachapwa. Tena asiyejua ndiye nitakayeanza naye."

"Wabeja, mwalimu," akasema mama, asante ya Kisukuma, na Zuhra hakujua anashukuriwa nini.

Paskalina alirudi. Lakini usidhani mambo yalinyooka. Mtoto aliyefundishwa kuficha hafunguki kwa tangazo la asubuhi moja. Zuhra alisema, akarudia, akasihi, na bado mikono ilikuwa inapanda kwa mazoea kisha inashuka nusu, inaning'inia, haijui iko upande gani. Kazi ilikuwa ya kutwanga maji kwenye kinu. Alimfuata mmoja mmoja dawatini, akaanza na yule asiyejua kama alivyoahidi, na somo la siku moja likala siku tatu. Maandalio yake ya somo yakabaki nyuma. Taratibu sana, mikono ikaanza kukaa chini. Ikabaki kumi na kitu. Wenye kujua ndio hao, wala si zaidi.

Ndipo usiku mmoja akiwa anakunja nguo akaliona jambo lenyewe lilivyo, akakaa kitandani. Alikuwa ametengeneza, kwa jasho lake mwenyewe, darasa lile lile la Chato lililomfelisha.

Habari zikamfikia Donatus, sijui kwa njia gani, maana za kumpeleka darasani hazikuwahi kumfikia. Akaja shuleni mwenyewe, na kwa mara ya kwanza hakuwa anacheka.

"Mwalimu Zuhra, umeniharibia darasa."

"Mimi?"

"Wakaguzi wote wanaokuja hapa wanatusifu. Wanataka mikono, tunawapa mikono. Funika kombe mwanaharamu apite! Nani anaumia?"

"Wasiojua, Mwalimu. Hawajui mpaka leo, na wewe hujui kama hawajui."

"Dada yangu, mkufunzi wako anakuja wiki hii. Nusu ya alama ziko kwake, nusu ziko kwangu. Ulishafeli Chato, au nimeambiwa uongo?" Akashusha sauti, akawa mwema, na wema wake ndio uliouma zaidi. "Warudishie watoto mkono wao wa kushoto. Kipindi kimoja tu. Ufaulu, uende zako, ukawe mwalimu mzuri mbele huko."

Zuhra akachukua boksi la chaki akaenda darasani. Ukweli ni kwamba aliufikiria ushauri ule kuliko alivyopenda.

Mkufunzi alikuja Alhamisi, mwanamke mkavu wa maneno aitwaye Madam Rhoda, ametoka kukagua wanachuo Masumbwe na viatu vimejaa vumbi. Donatus alikuwa ameshafika, amechomekea shati, amenyoa. Somo lilikuwa hisabati, mada ya sehemu, na Zuhra alikuwa ameandaa viazi vitamu vya kuchemsha na kisu, avikate mafungu mbele ya watoto. Kabla hajafungua mdomo, Donatus aliyekuwa anamwekea mkufunzi kiti nyuma akapiga makofi mawili.

"Darasa! Leo tuna mgeni!"

"Karibu mgeeeni!" watoto wakaitikia, na Zuhra akaona migongo zaidi ya mia ikinyooka kwa pamoja.

Akauliza swali la kwanza. Mikono yote ikaruka juu, ya kulia na ya kushoto, msitu mzima. Madam Rhoda akainua nyusi, akaandika.

Zuhra akachagua wa kulia. Jibu sahihi. Tuache unafiki, alichagua. Akauliza la pili, akachagua wa kulia tena, jibu likatoka kama limechapwa, na kalamu ya mkufunzi ikakimbia. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Duka la vitenge likaanza kwenda mbali, likawa dogo.

"Kipi kikubwa," akauliza, "theluthi ya kiazi au robo ya kiazi?"

Msitu ukapanda. Na pale dirishani alikuwepo Paskalina, mkono wa kushoto juu umenyooka kama wa askari, macho kwa Zuhra. Hayakuwa macho ya lawama, na afadhali yangekuwa. Yalikuwa macho ya mtoto anayemsaidia mtu mzima uongo wake.

Zuhra akaweka kisu mezani.

"Shusheni mikono," akasema. "Mikono yote. Hapa hapana mgeni. Madam Rhoda ni mwalimu, mimi ni mwalimu, na nyie mnanijua. Anayejua anyooshe. Asiyejua tutaanza naye."

Mikono ikaanguka. Donatus akakohoa. Kikapita kimya ambacho Zuhra alikitambua vizuri, kilikuwa kimya cha Chato, kisha ikapanda mikono michache, saba, nane, imetawanyika kama mahindi yaliyokoswa na mvua. Madam Rhoda akaacha kuandika.

"Paskalina. Njoo."

Paskalina akaja mbele akasema robo ndiyo kubwa, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Watoto wengi wakatikisa vichwa kukubali. Zuhra akampa kisu na viazi viwili vinavyolingana. Paskalina akakata cha kwanza mafungu matatu. Akakata cha pili mafungu manne. Akachukua kipande cha huku na kipande cha huku, akavipima viganjani, akavitazama muda mrefu mno kwa mtu anayekaguliwa.

"Kadiri mnavyokuwa wengi," akasema polepole, "ndivyo kila mmoja anapata kidogo."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nilidanganywa na ile nne."

Darasa likaangua kicheko, na hapo hapo kengele ikagongwa kwenye rimu ya gari nje. Somo halikufika hata nusu ya andalio.

Ofisini Madam Rhoda hakuzunguka. "Mikono ilikuwa mingi, ukaishusha. Ukatumia kipindi kwa mtoto mmoja. Hukumaliza. Kwa nini?"

"Ni woga tu, Madam," Donatus akawahi. "Nimekaa naye sana darasani, namfahamu. Ni binti mzuri ila ana woga."

Hiyo "nimekaa naye sana" ndiyo iliyokata kamba. Zuhra akasema yote. Mkono wa kulia, wa kushoto, karasha, jua alilomkalisha mtoto asiye na hatia, hata yale majibu mawili ya mwanzo aliyoyachagua akijua. Mwalimu Mkuu Mabula alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

Madam Rhoda alimgeukia Donatus. "Yule binti wa kiazi anaitwa nani?"

"Yule..." Donatus akakuna shavu. "Yule wa machimboni yule."

"Umemfundisha tangu Darasa la Tatu."

Donatus akatazama dirishani. Madam Rhoda akafunga kalamu yake.

"Kwa upande wangu umepita," akamwambia Zuhra, "kwa chupuchupu, na ni kwa sababu yule binti alielewa. Maana karatasi yangu inapima mikono na kumaliza somo, na vyote hukuvifanya. Na kumwadhibu mtoto juani nimekuandikia, usisahau. Alama za mwalimu mlezi sizipokei leo. Atakaa darasani kila kipindi mpaka mazoezi yaishe, ndipo atakuwa na cha kupimia."

Zuhra akatoka pale akiwa hajui afurahi au apige ukuta ngumi. Amepita nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa mikononi mwa mtu yule yule, sasa akiwa na kinyongo.

Kesho yake Donatus alikuja kweli. Karasha siku hiyo halikunguruma. Akaingia bila salamu, akakosa kiti, akajibana kwenye dawati la nyuma kati ya watoto watatu, magoti yamemfika kifuani. Zuhra akaandika tarehe ubaoni. Mgongo ulikuwa unamuuma kwa kutazamwa.

Akageuka. Hakuna aliyekuwa anaangalia ubao. Watoto wote walikuwa wamegeuka nyuma. Kisha mkono mmoja ukanyooka dirishani, wa kulia.

"Mwalimu Zuhra," akasema Paskalina, "leo tuna mgeni?"

Halikuwa dhihaka. Mtoto alitaka kujua wanyooshe mikono namna gani. Zuhra akatafuta jibu, na kila jibu alilopata lilikuwa na matusi ndani yake, akaona amwachie mwenyewe.

"Anakuuliza wewe, Mwalimu Donatus. Wewe ni mgeni hapa?"

Donatus akafungua mdomo. Akatazama vichwa vile vyote ambavyo kwa mwaka na zaidi vilikuwa vyake. Huenda alitafuta jina hata moja la kuita. Uso ukamwiva, ule utani wake ukaja karibu kumwokoa, ukamwacha njiani. Mwishowe, taratibu, akiwa amebanwa kati ya watoto, akainua mkono.

Ulikuwa wa kushoto.

Hakuna aliyecheka. Zuhra alikuwa bado na hasira naye, na aliendelea kuwa nayo siku nyingi baadaye. Lakini ahadi ya darasa lile ilikuwa ahadi. Akachukua kiazi na kisu, akapita katikati ya madawati hadi nyuma, akaviweka mbele yake.

"Haya," akasema. "Tutaanza na wewe."